Ukoo Umeketi, Gari Linachemsha

Gari lenye rejeta mbovu halimwambii mwenyewe kwanza. Linawaambia majirani. Unaamka, unanawa, unakunywa chai, unatoka na funguo mkononi, kumbe tangu alfajiri nje ya uzio wako kuna kikao cha watu wanaotazama chini ya gari kwa huzuni ambayo ukiichunguza ina tabasamu ndani yake. "Waitu, umeamkaje? Na gari nalo limeamkaje?" Ukisalimiwa hivyo usihangaike kujibu. Inama uchungulie. Utakuta kidimbwi cha maji ya kijani kimejikusanya chini ya bampa, na ujue kwamba hela yako ya mwezi huu imeshapata mwenyewe.

Mimi naishi Kahororo, kata ya Manispaa ya Bukoba ambayo wengi huijua kwa sababu ya shule yake ya sekondari. Ni mahali pazuri pa kuishi, ila si pazuri pa kuharibikiwa gari, maana kila mtu hapa ana elimu ya jambo fulani na wachache wana elimu ya mambo yote. Nchi nzima inatuita nshomile, yaani wasomi, na sisi hatujawahi kukata rufaa. Asubuhi ile jirani wa kulia alisema yale ni maji ya AC, yasinisumbue. Wa kushoto akasema maji ya AC hayana rangi, na huyo mwenzake amesomea wapi. Wa tatu, aliyekuwa anapita tu na jembe lake, alisema magari ya siku hizi yanatengenezwa kwa plastiki na ndiyo maana dunia inakwisha. Mtoto mmoja alichovya kidole kwenye kidimbwi akakielekeza mdomoni, na hapo ndipo nilipopiga kelele za kweli, kwa sababu maji yale yalikuwa kulanti, ambayo ina utamu, na ni sumu kwa binadamu na kwa mbwa vilevile. Mama yake alimfuta kidole kwa khanga, akanitazama kana kwamba ile sumu nilikuwa nimeitega.

Kilichoniuma zaidi ni mahali tulipo. Bukoba inanyeshewa mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingine hukiombea sala maalumu. Ukisimama kwenye kilima unaliona Ziwa Victoria, la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji yaliyotulia tu. Katikati ya utajiri huo, gari langu lilikuwa linakufa kwa kiu ya madumu mawili.

Jiografia nayo haikuwa upande wangu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Aliyeko Dar es Salaam anachemsha chai kwa nyuzi 100. Hapa kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ukipanda huko Kamachumu yanachemka chini ya hapo. Yaani kabla sijawasha gari nimeshakatwa nyuzi nne. Kinachookoa injini ni ule mfuniko wa rejeta ambao watu huudharau. Unabana mvuke, shinikizo linapanda, na maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa hiyo tundu dogo kwenye rejeta halina udogo wowote. Likivujisha maji linavujisha na shinikizo, na shinikizo likishatoka, maji yanarudi kuchemka kwa bei ya Bukoba.

Nililipeleka gari kwa fundi. Gereji yake iko chini ya mti, ina benchi moja la kukalia wateja na mengine mawili ya kukalia washauri. Fundi alifungua boneti, akapapasa, akanusa, akatikisa hosi moja ambayo mimi sikujua kuwa ipo, akatangaza matokeo. Rejeta imepata ufa pale plastiki inapokutana na aluminiamu. Feni inawaka ikijisikia. Themostati haipo.

"Haipo imekwenda wapi?" nikauliza.

"Ilitolewa, bosi. Huku Afrika ya nini? Wajapani waliiweka kwa sababu ya baridi ya kwao."

Basi nikajua gari langu lilishawahi kufanyiwa upasuaji ambao mimi mwenyewe sikupewa taarifa yake. Themostati ni kilango kinachokaa kimefungwa hadi maji yafike nyuzi 80 na kitu, ndipo kinafunguka na kuyaruhusu kwenda kupozwa. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata joto lake la kazi, inakunywa mafuta zaidi na inachakaa haraka. Kwa maneno mengine, kwa muda mrefu gari langu lilikuwa linasikia baridi asubuhi na linaungua mchana. Lakini mteja hamfundishi fundi mbele ya washauri wake. Nikauliza swali lililonipeleka pale: Jumamosi nina safari ya Muleba, litafika?

Fundi alifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono. "Linafika, bosi," akasema, akavuta pumzi. "Linafika, lakini uwe na dumu la maji. Linafika, lakini usiwashe AC. Linafika, lakini usipakie sana. Mlimani nenda polepole, ila usiende polepole mno, maana upepo ndio utakaokusaidia, hiyo feni mimi siiamini."

"Wewe ungelipanda?"

"Mimi nina pikipiki."

Mafundi wetu husemwa vibaya bure. Hawadanganyi. Wanakupa ukweli wote, ila wanaupanga kwa mpangilio utakaokufurahisha kwanza.

Safari yenyewe haikuwa ya kawaida. Kijana wetu alikuwa anakwenda kutoa mahari huko Muleba, na wakwe walishatuandikia tufike saa nne asubuhi. Kutoka Bukoba hadi Muleba ni zaidi ya kilomita 60, lami safi, lakini njia ina mabonde na vilima vya kutosha kuipima injini dhamiri. Tena mzigo wa mahari haupungui: kuna wazee, kuna mikungu ya ndizi, kuna kreti za soda, kuna pombe ya rubisi ambayo hairuhusiwi kulazwa, na kuna shangazi anayetaka kukaa dirishani. Gari langu lina viti saba, nalo ndilo pekee katika familia lililokuwa linatembea wiki ile. Hapo nikaikumbuka sheria ya umiliki inayofuatwa kwetu: gari ni langu siku ya kulipia bima na siku ya kununua matairi, lakini siku ya shughuli ni la ukoo.

Kwa hiyo ukoo ukaketi.

Nilieleza hali kwa heshima na kwa ukamilifu. Nilisema rejeta ina ufa, feni haiaminiki, mlima ni mlima. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wetu kwa wakwe na kwa hiyo ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote, alinisikiliza macho yakiwa juu kwenye mabati, kisha akasema kwamba enzi zao magari hayakuwa yanachemsha. Alikuwa na ushahidi. Alikulia kwenye Volkswagen ya bwana mmoja wa misheni, akaisukuma, akaiosha, akapanda nayo kila kilima cha wilaya, na haikuchemsha hata siku moja. Akaongeza kwamba mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1962 yalichukuliwa na Volkswagen hiyo hiyo, kwenye matope na vumbi, wala dereva hakuita kikao cha ukoo.

Alichosema ni kweli tupu. Ila Volkswagen ile ilikuwa inapozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta, haikuwa na maji, haikuwa na hosi. Kuisifu kwamba haikuchemsha maji ni kumsifu asiye na ng'ombe kwamba hajawahi kuibiwa ng'ombe. Nililitafuta neno la heshima la kusema hayo, na nilipolipata mjomba alikuwa ameshachukua zamu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa historia. Kwake hakuna jambo chini ya jua ambalo Wajerumani hawakulifanya kwanza. Alitukumbusha Luteni Paul Graetz, aliyeondoka na gari Dar es Salaam mwezi Agosti 1907 akavuka Afrika nzima hadi Swakopmund, kule kwenye Atlantiki. Hapakuwa na lami, hapakuwa na gereji, vipuri vilisubiriwa kutoka Ulaya, "na gari lile, mwanangu, lilifika!"

"Lilifika lini, mjomba?"

"Mei 1909."

Nikamwambia ni karibu miezi 21, na wakwe wameandika saa nne.

Shangazi hakuwa na habari na Wajerumani. Yeye aliliona jambo kwa wepesi wa mtu aliyelisha watu wengi maishani mwake. Sufuria ya ndizi ikikaukiwa maji jikoni unafanyaje? Unafunua majani, unaongeza maji, unafunika, ndizi zinaiva. Rejeta nayo ni hivyo hivyo. Fundi, ambaye nilimpigia simu ili aongee na kikao moja kwa moja, alisikika akisema, "Mama, lakini sufuria yako haina gasketi." Shangazi akauliza huyo ni nani anayemjibu. Nikakata simu kwa usalama wa fundi.

Kisha zikaja dawa. Kijana wa kutengeneza simu alisema tuweke bizari kwenye rejeta, madereva wa malori wanafanya hivyo na wanafika Kigali. Binamu akasema bizari ni kizamani, dawa ni yai bichi: likikutana na maji ya moto linaganda, na likifika penye ufa linaziba. Shangazi akapinga, mayai ni ya wageni. Mimi nilisema jambo moja tu, kwamba ndani ya rejeta kuna vijia vyembamba mno ambavyo maji hupitia ili yapoe, na yai halijui kutofautisha ufa tunaotaka uzibe na vijia tunavyotaka vibaki wazi. Yai linaziba tu. Kikao kilinyamaza kidogo, kikiliwazia yai.

Shemeji kutoka Dar ndiye aliyenishtua, kwa sababu alisema jambo la kweli. Alisema gari likianza kupanda joto, zima AC, fungua hita mpaka mwisho. Hita ya ndani nayo ni kirejeta kidogo kinachonyonya joto la injini na kulipuliza kwenye viti, hivyo unamwondolea mkubwa mzigo. Ni mbinu ya dharura na inafanya kazi. Nikaipiga picha kichwani: wazee katika kanzu na suti, shangazi katika gomesi mpya, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, hita imefunguliwa mwisho, rubisi imeshikwa mapajani ikiwa inachachuka kwa kasi mpya. Tungefika kwa wakwe tukiwa tumeiva kabla ya ndizi.

Baba mkubwa akaamuru lifanyike jaribio. Tukaingia garini mimi na yeye, tukateremka mjini, tukazunguka, tukaanza kupanda kurudi. Bukoba mjini pako chini, ufukweni, na ukitaka kutoka karibu kila njia itakupandisha. Mshale wa joto ulikuwa umelala pazuri. Tulipoanza kupanda nao ukaanza kupanda. Ukapita katikati. Ukaikaribia ile alama nyekundu. Nikawa natafuta pa kuegesha, na ghafla, bila sababu yoyote ya kibinadamu, mshale ukaanguka chini kabisa.

"Umeona?" baba mkubwa akapiga paja. "Limepona!"

Nikazima injini palepale. Kipima joto kinapima maji. Maji yakiisha, kinabaki kimening'inia kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kurudi chini kwa utulivu wa marehemu. Dereva anayeshangilia mshale ulioanguka ghafla wakati gari linahema ndiye anayemlipia fundi ada za shule za watoto. Baba mkubwa alishuka akakataa kuniongelesha mpaka nyumbani, si kwa sababu ya gari, ila kwa sababu tulisimama mbele ya watu waliokuwa wanamheshimu.

Usiku ule nilipiga hesabu. Hosi ikipasuka ni hela ya sokoni. Rejeta ikifa, ukapata ya mtumba, ni hela ya kuuma meno. Baada ya hapo bei inaacha kupanda ngazi, inaanza kuruka. Injini nyingi za umri wa gari langu zina hedi ya aluminiamu iliyofungwa juu ya bloku ya chuma. Joto likizidi, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti haviwezi kutanuka kwa viwango tofauti bila mmoja kupinda. Hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, moshi mweupe unatoka nyuma, na fundi anakuita uje na mtu mzima. Hapo kuna kuchonga hedi, kuna gasketi mpya, na ukiwa uliendelea kukanyaga mafuta kwa ushujaa, kuna kutafuta injini nyingine nzima. Usitegemee bima. Bima ya gari, hata ile kubwa, hulipa ajali. Injini iliyoungua kwa kukosa maji si ajali, ni uamuzi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inakataza gari bovu kuwa barabarani, ila hiyo sikuitaja kwenye kikao, maana mjomba angetaka kujua ilitungwa kwa kufuata sheria ipi ya Mjerumani.

Kesho yake niliwaambia: gari haliendi.

Kulikuwa na kimya, kisha kikafuata kitu kibaya kuliko kimya, yaani wote kuongea. Nimeisaliti familia. Nimeshindwa na maji. Wakwe watasema hatuna gari. Shemeji wa Dar alisema kule kwao watu wanaendesha magari mabaya kuliko hayo hadi Morogoro na kurudi. Binamu wa yai akasema basi tujaribu yai. Kura zilihesabiwa bila kupigwa, na mimi nilikuwa peke yangu upande wangu.

Ndipo mama, ambaye alikuwa anachambua maharage muda wote huo bila kuinua uso, akauliza, "Likifia njiani, nani ananunua injini?"

Sijawahi kuona mabati yakitazamwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja. Mjomba alisafisha miwani. Shemeji alipata simu ambayo haikuita. Binamu akakumbuka kwamba ndizi hazijafungwa. Baba mkubwa alikohoa, akasema kwa sauti ya kiongozi aliyefikiria jambo kwa kina, "Basi, tutafute usafiri." Mama akaendelea na maharage yake.

Tulikodi mchomoko, kile kigari kidogo cha stesheni wagoni ambacho kiwandani kilihesabiwa watu watano na huku kwetu hakijawahi kuhesabiwa. Wengine walitangulia kwa basi. Waliobaki tulipakiana: wazee mbele na katikati, vijana nyuma na mikungu, rubisi wima kama malkia. Dereva alikuwa kijana mtulivu aliyevaa kofia ya sufu. Tukatoka Rwamishenye, tukapita Kyetema, tukapita Kemondo, baba mkubwa akisifu kwa sauti namna gari la wenzetu linavyovuta, ili mimi nisikie.

Kabla ya Muhutwe, kwenye kupanda, ukatoka mvuke.

Sijawahi kuona mvuke mzuri namna ile. Ulitoka pembeni mwa boneti, mweupe, mwingi, usio wangu. Hedi ile haikuwa yangu, gasketi ile haikuwa yangu, injini ile ningemlilia mwenzangu na jioni ningekula pilau. Nilishuka nikakaa juu ya mkungu wa ndizi, miguu nimeinyoosha, moyo umetulia.

Dereva hakubadilika hata uso. Aliegesha, akakata matawi akayapanga barabarani nyuma ya gari, akafungua buti. Humo, chini ya mizigo yetu, mlikuwa na madumu ya maji yaliyopangwa kwa mstari. Tukaelewa kwa nini nafasi ya buti ilikuwa ndogo. Kijana yule alikuwa msafirishaji wa maji, sisi tulikuwa mzigo wa ziada. Alijua kila kijito kati ya Bukoba na Muleba kwa jina na kwa ladha.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua ikisema kwa ukali, "Usifungue! Subiri lipoe! Ukifungua mfuniko sasa hivi shinikizo linatoka, maji yanakurukia usoni!" Alikuwa baba mkubwa. Hakuishia hapo. Alimweleza dereva juu ya hedi ya aluminiamu na bloku ya chuma, akamweleza kwamba usimwage maji baridi kwenye injini iliyoiva maana chuma kitapasuka, akamweleza habari ya mshale unaoanguka, yote kwa maneno yangu na kwa mamlaka yake. Mjomba alimuunga mkono. Shangazi akasema hata yeye tangu mwanzo alisema magari si sufuria. Abiria wa basi lililopunguza mwendo walichungulia, nao wakatoa ushauri wao bure, wa yai na wa bizari, wakaondoka.

Dereva alisubiri, na hilo ndilo lililomtofautisha na washauri wake wote. Alisubiri mpaka boneti ikashikika kwa kiganja. Akaweka gunia lililolowa juu ya mfuniko, akaulegeza kidogo, akaacha upumue, ndipo akaufungua. Akawasha injini ikaunguruma taratibu, akamimina maji kidogo kidogo, akafunika, akatukaribisha ndani. Nilimuuliza kwa nini asinunue rejeta. Akasema atanunua. Nikamuuliza lini. Akasema, "Mzee, nikilipwa na nyinyi."

Tulifika Muleba wakwe wameshakunywa chai ya pili. Msemaji wao alitutangazia faini ya kuchelewa: hela kidogo na kreti moja ya soda. Aliuliza sababu. Baba mkubwa alisimama, akarekebisha kanzu, akasema, "Barabara." Akachomoa faini mfukoni mwake mwenyewe, akailipa kwa madaha. Mimi huko nyuma nilikuwa nafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniomba: faini ile, ukijumlisha mchango wetu wa mchomoko na soda ya kumpoza dereva, haikufikia bei ya kuchonga hedi. Mahari ilipokelewa. Binti alikubali. Hakuna mtu upande wao aliyeuliza tulikuja na gari la nani, maana walikuwa wanahesabu mikungu.

Rejeta nilibadilisha baadaye, nikarudisha na themostati, na humo ndani nikaweka kulanti tena badala ya maji ya bomba, kwa kuwa maji matupu yanaleta kutu na vijia vinaziba polepole hata bila yai. Majirani walisikitika kidogo kukosa kidimbwi, wakahamia kwa jirani mwenye sailensa mbovu.

Ndugu msomaji mwenye gari la mtumba, ukipata hali hii, usianze kwa kuita kikao. Gari likichemsha kwenye foleni lakini likitembea linapoa, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Likitulia mjini na kuchemsha kwenye mlima, chunguza rejeta iliyoziba na wota pampu. Maji yakipungua bila kidimbwi chini, na oili ikaanza kuwa nyeupe kama maziwa, usilisogeze hata hadi dukani. Mshale ukipanda, simama. Ukianguka ghafla baada ya kupanda, simama haraka zaidi. Mfuniko usiuguse mpaka kiganja kivumilie boneti.

Na kabla ya safari, ukiwa na funguo mkononi na ukoo umekuzunguka, usiulize kama gari litafika. Hilo kila mtu ana jibu lake, na majibu yote ni ya bure. Uliza lisipofika nani atalipa. Akijitokeza mmoja, mkabidhi funguo aendeshe yeye. Asipojitokeza, panda mchomoko, na ukae upande usio na mvuke.